Kwa nini baba alizima redio Kitonga

Baba alikuwa akizima redio kila tukishapita Ruaha Mbuyuni. Tulikuwa watoto wanne kwenye kiti cha nyuma, buti limejaa vitunguu tulivyonunua dakika chache nyuma, na ghafla muziki unakatika. Baba anashusha kioo, anaweka kiwiko nje, anasema, "Nyamazeni sasa, tunapanda." Hakuna aliyethubutu hata kukohoa mpaka tutokeze kule juu. Miaka yote niliamini kwamba aliogopa mlima Kitonga, ulio njiani kwenda Iringa: zile kona, lile korongo, yale malori yaliyolala ubavu. Nilikuja kujua alichokuwa akisikiliza nikiwa na miaka 46, yeye akiwa ameshatangulia mbele ya haki, na gari lake likiwa limesimama pembeni ya barabara ileile, boneti limeinuliwa, mvuke unapanda juu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 GL ya mwaka 1979, saluni nyeupe, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,971, kabureta, gia nne. Kwetu haijawahi kuitwa kitu kingine zaidi ya Pijo. Baba alikuwa bwana shamba, akainunua mkononi kwa mtu mwaka 1984. Alipofariki 2019 kaka zangu hawakuitaka, kila mmoja ana Toyota yake, nikaichukua mimi. Nafundisha fizikia sekondari hapa Dar es Salaam, naishi Tabata, na mama bado yuko Kihesa, Iringa. Kwa hiyo mara mbili au tatu kwa mwaka Pijo na mimi tunakula zile kilomita karibu 500.

Novemba 2023 nilifika bondeni saa nane mchana. Anayelijua lile bonde Novemba, kabla mvua hazijashika, hahitaji kuelezwa: mibuyu haina jani, lami inameremeta, upepo unaoingia dirishani ni wa moto kama wa tanuri la mkate. Mbele yangu kulikuwa na msururu wa malori ya Zambia na Kongo yakipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilikuwa gia namba mbili, mara namba moja, mara nasimama. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikajiambia utashuka tukipata nafasi. Haukushuka. Katika kona ya tatu nikasikia harufu ya chuma kilichoungua, halafu kioo cha mbele kikafunikwa na mvuke.

Nilivuta pembeni, nikazima. Vijana wawili wa kwenye lori wakaja mbio na dumu la maji, na mmoja akawa tayari ameshika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa. Dereva wao, mtu mzima, alimkemea kwa sauti iliyotoka tumboni: "Acha hapo! Unataka kubabuka uso?" Namshukuru mpaka leo. Maji yaliyo ndani ya rejeta iliyochemka yanashikiliwa na presha. Ukifungua mfuniko presha inaondoka mara moja, na maji yote yaliyokuwa yamevuka kiwango chake cha kuchemka yanageuka mvuke na kukurukia. Tulikaa dakika 45. Ndipo akafungua mwenyewe, robo ya mzunguko kwanza, akasubiri ule mluzi uishe, akamalizia. Akamimina maji kidogo kidogo, maana kumwaga maji ya baridi kwa mkupuo kwenye injini iliyoiva ndiko kunakopindisha silinda hedi au kuipasua kabisa, na hedi ya 504 ni ya alumini.

Mpaka hapo ushauri wao ulikuwa dhahabu. Kilichofuata ndicho kilichonipotezea miezi mitatu. Kijana mmoja akasema, "Dada, toa hiyo thamostati, gari halitachemsha tena." Akaitoa palepale kwa spana, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta, akanipa mkononi kama jino lililong'olewa. Nikapanda jioni jua likiwa limeshapungua, nikafika Iringa saa tatu usiku.

Niliporudi Dar nilifanya kila kitu ambacho watu huniambia wamefanya. Niliendesha bila thamostati. Nilifunga feni ya umeme mbele ya rejeta. Nikawa natembea na madumu mawili ya lita tano, najaza kila asubuhi. Mwezi wa pili, kwenye foleni ya Barabara ya Mandela pale Tabata Relini, likachemsha tena. Na fundi mmoja, sitasema wa wapi, akanifungia boneti na kunipa hukumu: "Mwalimu, hili gari ni la Ulaya, la watu wa baridi. Jua letu hili haliliwezi. Uza."

Maneno hayo yaliniuma, kwanza kwa ajili ya baba, pili kwa sababu si kweli. Gari hili lilitoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1968, na maisha yake marefu kuliko yote limeyaishi Afrika. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden alishinda Safari Rally kwa 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Na kabla ya 504 kulikuwa na kaka yake, 404, ambayo Bert Shankland, mkazi wa hapahapa Dar es Salaam, alishinda nayo mwaka 1966 na tena 1967. Magari hayo yalikimbizwa kwenye vumbi, tope na joto la Afrika Mashariki kwa siku kadhaa mfululizo. Baba naye alipanda Kitonga na Pijo hii zaidi ya miaka 30, tukiwa sita ndani na mzigo, na sikumbuki hata mara moja tumesimama kungoja injini ipoe. Jua lilikuwa lilelile.

Nikakaa mezani na karatasi, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu wafanye. Injini ya petroli inapochoma mafuta, takriban theluthi moja ya nishati ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi. Inayobaki inaingia kwenye maji, na kazi ya rejeta ni kuitupa hewani. Kiasi inachoweza kutupa kinategemea tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa inayopita. Maji yakiwa nyuzi 90 na hewa ya asubuhi ikiwa 25, tofauti ni 65. Hewa ikiwa 38 bondeni, tofauti inakuwa 52. Rejeta ileile, feni ileile, imepoteza moja ya tano ya nguvu yake.

Waliobuni gari walilijua hilo, wakaacha akiba. Rejeta nzima, feni nzima, wota pampu nzima, vyote kwa pamoja vina uwezo mkubwa kuliko injini inavyohitaji siku ya kawaida. Joto la Novemba linakula akiba hiyo, basi. Gari likichemsha maana yake akiba ilishaliwa zamani na kitu kingine, ila Julai hukuona kwa sababu Julai hewa ilikuwa inakusaidia. Kwa hiyo swali langu halikuwa tena namna ya kulipoza gari. Nilitaka kujua nani amekula akiba.

Mtu aliyenisaidia kulijibu ni mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, ambaye maisha yake yote amefanya rejeta tu. Hafungui injini, hagusi breki. Nilipofika hakuangalia hata gari. Aliniuliza, "Mama, unaweka maji gani?"

Nikamwambia ya nyumbani. Nyumbani ni wapi? Tabata. Ya bomba? Hapana, ya kisima. Akatikisa kichwa. Wote tunaotumia visima vya Dar tunajua chumvi yake: sabuni haitoi povu, birika la chai linaota ukoko mweupe ndani ya wiki mbili. Nilikuwa namimina maji hayohayo kwenye injini, lita kwa lita, miaka minne. Na kila ninapojaza juu ya yaliyopungua naongeza chumvi nyingine, kwa sababu mvuke unaondoka wenye maji peke yake.

Alitoa kipimajoto chenye umbo la bastola, kinafanana na vile tulivyopimwa navyo milangoni wakati wa korona ila hiki kinapanda hadi zaidi ya nyuzi 300. Injini ikiwa imepata moto akaanza kulenga rejeta, hatua kwa hatua, juu hadi chini, kushoto hadi kulia. Juu 88. Katikati 80. Kona ya chini kulia 47. Nyingine pembeni yake 45. Nikadhani hiyo ni habari njema, rejeta inapoza. Mzee akanisahihisha: mahali penye baridi kiasi hicho katikati ya rejeta ya moto ni mahali ambapo maji hayapiti. Mirija imeziba. Ile sehemu haifanyi kazi, imekaa tu.

Alipoyeyusha risasi ya kulehemu na kufungua tangi la juu nikaona kwa macho yangu. Kila mrija mwembamba wa shaba ulikuwa na duara la chokaa ndani, na karibu theluthi yake ilikuwa imejaa kabisa kama chaki. Alipitisha vyuma vyembamba kwenye ile iliyokuwa na uhai, ikatoa unga mweupe mezani. Lakini pembeni mirija ilikuwa imechoka, akaniambia wazi kwamba akiisafisha itavuja baada ya mwezi. Tukabadilisha moyo wote wa rejeta, tukabakiza matangi ya juu na chini yaliyo ya asili. Hii ndiyo raha ya rejeta za zamani za shaba, zinafunguka na kufungwa tena. Za plastiki na alumini za siku hizi ukizipasua unatupa.

Nilikuwa nimeshatoa pesa ili nilipe, yeye akauliza swali la pili.

"Na feni yako, inakamata?"

Nikamjibu kwamba feni inazunguka, naiona. Akachukua gazeti, akalikunja likawa bomba gumu, akawasha gari, akaisukuma feni polepole kwa gazeti. Feni ikasimama. Injini inaunguruma, mkanda unazunguka, pampu inazunguka, feni imesimama dede kwa gazeti!

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu nimekutana na wenye 504 wengi wasiojua. Feni ya gari hili haikufungwa moja kwa moja kwenye puli. Imekaa kwenye beringi, na nyuma yake kuna sumaku ya umeme. Injini ikiwa ya baridi feni inaelea. Inaburutwa kidogo na msuguano wa beringi, kwa hiyo ukiitazama utaapa kwamba inafanya kazi. Maji yakifikia joto fulani, swichi ya joto inaruhusu umeme upite, unaingia kwenye sumaku kupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosugua nyuma ya puli, na sumaku inaivuta feni na kuishika. Inakamata kwa mlio, *tak*, halafu unasikia upepo unavuma. Maji yakipoa inaachia. Peugeot walifanya hivyo ili kuokoa petroli na kupunguza kelele, maana kwenye mwendo kasi upepo wa barabara unatosha. Kwenye mlima nyuma ya lori, hapana upepo wa barabara. Hapo feni ndiyo kila kitu.

Kaboni yangu ilikuwa imekwisha hadi kwenye mzizi wa waya. Kwa miaka sijui mingapi, feni ya Pijo ilikuwa pambo.

Nilikaa kwenye benchi la mzee pale Gerezani, nikampigia mama simu. Nikamuuliza, mama, hivi baba alikuwa anazima redio Kitonga kwa nini? Hakufikiri hata sekunde moja. "Alikuwa anasikiliza feni yake. Ikishakamata ananiambia, 'Imekamata.' Ndipo anawasha redio." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Wewe huisikilizi?"

Mzee alitafuta kaboni ya mota ya mashine nyingine, akaisugua kwenye msasa mpaka ikaingia vizuri kwenye kitundu chake. Halafu akanifundisha kitu ambacho nataka kila mwenye gari hili akijue. Mbele ya kitovu cha feni kuna skrubu tatu zenye nati za kufungia. Hizo ndizo zinazopanga nafasi kati ya feni na sumaku. Unapima kwa fila, yaani kile kipimo cha vipande vyembamba vya chuma, milimita 0.35, kwenye skrubu zote tatu, ziwe sawa. Nafasi ikiwa kubwa sumaku haina nguvu ya kuvuta. Ikiwa ndogo feni inajisugua hata injini ikiwa ya baridi. Na siku umeme ukikufia porini, kaza hizo skrubu tatu mpaka feni ishikamane na puli, itazunguka muda wote na utafika nyumbani. Nilipolisikia hili nilimkumbuka yule kijana na spana yake. Laiti angekaza skrubu badala ya kutoa thamostati.

Ile feni ya umeme niliyoifunga mbele tuliitoa. Ilikuwa ndogo, na gari likiwa barabarani ilikuwa inaziba njia ya hewa tu.

Kuhusu thamostati, najua nitapingwa, kwa sababu nchi hii nzima inaamini kwamba thamostati ni ya Ulaya na huku inatolewa. Nilienda na thamostati mpya darasani, kidato cha tatu. Tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, imening'inizwa kwa uzi, na kipimajoto pembeni. Imeandikwa 82. Ilianza kufumbua kwenye 82 au 83, na kabla maji hayajachemka ilikuwa wazi kabisa. Ikishafunguka hivyo maji yanapita, hakuna inachozuia. Wasichana wawili walioshika saa na daftari walichora mchoro wake, bado ninao.

Watu husema ukiitoa maji yanapita haraka mno hayapati muda wa kupoa. Hiyo siyo sababu. Maji yanayozunguka haraka yanabeba joto vizuri zaidi. Sababu ya kuiacha ni nyingine. Katika injini nyingi thamostati ikifunguka inaziba pia kijia cha mkato kinachorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inakuwa inazunguka humohumo ndani. Halafu asubuhi injini inachukua muda mrefu kupata moto, inakunywa petroli, oili inajaa unyevu, na laina, yaani silinda zenyewe, zinalika. Thamostati mbovu iliyokwama imefungwa inachemsha gari, kweli. Dawa yake ni kununua nyingine na kuipima kwenye sufuria kabla ya kuifunga.

Mfuniko wa rejeta ni kitu kidogo ambacho watu wa Nyanda za Juu wanapaswa kukijali kuliko sisi wa pwani. Hapa Dar maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 100. Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwenye 95 hivi. Mama analijua hilo kwa maharage yake. Sasa fikiria gari linalotoka bondeni kupanda Kitonga: linafanya kazi ngumu kuliko zote kwenye safari, na huku kila mita linayopanda inashusha kiwango cha maji yake kuchemka. Mfuniko wenye spring nzima na mpira mzima unafunga presha ndani, na presha inakipandisha tena kiwango hicho juu ya 100. Mfuniko uliolegea unakuacha na 95 peke yake, wakati injini yenyewe inapenda kuishi kwenye 85 hadi 90. Mfuniko wangu mpira wake ulikuwa umepasuka kama kisigino. Nilinunua wenye namba ileile ya presha iliyoandikwa kwenye wa zamani, na nasisitiza ileile, kwa sababu wenye namba kubwa zaidi unaweza kupasua mipira na rejeta kongwe.

Maji ya kisima nimeyaacha. Sasa natumia maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, pamoja na kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, kama sehemu tatu katika kumi. Huku hakuna barafu, kwa hiyo sihitaji nusu kwa nusu. Kulanti nyingi inapandisha kiwango cha kuchemka lakini inabeba joto kidogo kuliko maji. Ninachokitaka ndani yake ni dawa ya kutu. Injini hii ina bloku ya chuma, hedi ya alumini, na rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa risasi; metali hizo zote zikilowa maji matupu pamoja zinalana. Chupa iwe imeandikwa kwamba inafaa rejeta za shaba. Rangi yake isikudanganye, kila kiwanda kina rangi zake. Ukijaza, weka gari pua ikitazama juu kidogo ya mwinuko, fungua hita mpaka mwisho, mimina taratibu, minya mpira wa juu wa rejeta kwa mkono. Hewa iliyonaswa ndani ya hedi inachemsha gari zima kama kawaida, na mtu analaumu rejeta mpya.

Mpira wa chini wa rejeta niliubadilisha pia. Ulikuwa laini kama sikio. Upande ule pampu inavuta, na mpira uliochoka unanyonywa mpaka kuta zinagusana ukikanyaga mafuta. Ukisimama na kufungua boneti unaukuta umerudi kawaida, huoni kosa.

Jambo moja nililikataa. Fundi mwingine alitaka kufungua silinda hedi "tuangalie tu gasketi." Mzee wa rejeta alinionya. Injini za 504 zina laina za maji (wet liners), yaani silinda zinazochomoka ambazo maji yanazizunguka moja kwa moja. Ukiinua hedi bila kuzibana laina, ukageuza injini hata kidogo, zinainuka, mpira ulio chini ya laina unaachia, na maji yanashuka kwenye sampu, lile karai la oili. Hedi ifunguliwe kukiwa na ushahidi. Tulitafuta ushahidi: oili haikuwa na ute mweupe, rejeta haikutoa mapovu injini ikiunguruma, mipira haikujaa presha asubuhi kabla ya moto. Tukaiacha. Tukaangalia taimingi, yaani wakati cheche inapowaka, badala yake, ikakutwa imechelewa kidogo, na taimingi ya kuchelewa inapeleka joto kwenye maji bila kuleta nguvu.

Siku hizi natoka Dar saa tisa usiku. Saa nne asubuhi niko Ruaha Mbuyuni, nasimama, nanunua vitunguu, nageuza bomba la maji kwenye rejeta kutokea upande wa injini kwenda mbele, kuwatoa wadudu wa Mikumi na nyasi. Maji ya presha ndogo, mapezi ya shaba yanapinda upesi. Kwenye mlima naliacha lori liende mbele mita 50 au zaidi, kwa sababu ukilibana unavuta moshi wake wa moto. Gia namba mbili injini ikizunguka kwa raha, siing'ang'anizi namba tatu. Tukisimama naweka huru na kukanyaga mafuta kidogo ili pampu na feni zisilale. Mshale ukitaka kupanda nafungua hita yote na vioo vyote. Miguu inaungua, lakini hita ni rejeta ya pili.

Desemba iliyopita sikutoka usiku. Nilitaka kujua. Nilipanga nifike bondeni saa nane mchana, kama ile siku. Binti yangu alikuwa kiti cha mbele na simu yake inapiga muziki kupitia spika ndogo. Tulipomaliza vibanda vya vitunguu nikamwambia azime. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia tunapanda. Nikashusha kioo.

Malori yalikuwepo, joto lilikuwepo. Kona ya kwanza, ya pili. Mshale ulivuka katikati kwa upana wa kidole, na mkono wangu kwenye usukani ulikuwa umelowa. Kabla ya kona ya tatu, chini ya boneti, *tak*, na upepo ukaanza kuvuma.

"Imekamata," nikasema.

Binti yangu akanitazama. Mshale ulisimama pale, halafu ukaanza kurudi, na alipoona nimeegemeza kiwiko dirishani akawasha muziki wake bila kuniuliza.